Julius' ya New York: baga, bia, na ile glasi iliyofunikwa kwa mkono mwaka 1966

Nianze na chakula maana najua wengi mkifungua review ya baa kwanza mnataka kujua kama njaa itaisha. Itaisha. Baga ya Julius' ni tamu kwelikweli, inachomwa humohumo ndani kwenye jiko dogo, ukikaa karibu unasikia nyama inavyochachatika na harufu inakufuata mpaka kwenye koti. Haina mbwembwe yoyote, mkate, nyama nene, jibini imeyeyuka, basi. Mi naiagiza na chipsi na bia baridi halafu nakaa kwenye kaunta na siondoki haraka.

Baa yenyewe iko West 10th Street namba 159, kona na Waverly Place, mtaa wa Greenwich Village. Mimi naishi Jersey City kwahiyo napanda treni ya PATH pale Journal Square nashuka Christopher Street natembea kidogo nimefika, ukiwa Manhattan panda treni namba 1 ushuke steshen yake ya Christopher Street, ambayo tangu 2024 wameiongezea jina la Stonewall, baa ya jirani nitakayoifikia chini. Jengo ni la mwaka 1826 na pombe inauzwa pale tangu miaka ya 1860, hata ule wakati Marekani nzima imepiga marufuku pombe, 1920 mpaka 1933, hapa watu walikuwa wanakunywa kimyakimya. Ndani mbao zimekolea weusi wa uzee, mapipa ya bia yamegeuzwa meza, ukutani picha tupu.

Na kuna picha moja nawaomba mkiingia muitafute kabla hamjaagiza chochote. Ilipigwa na Fred McDarrah wa gazeti la Village Voice tarehe 21 Aprili 1966, humuhumu ndani. Wanaume wanne wamevaa suti na tai, wamesimama kwenye kaunta, upande wa pili yupo mhudumu na mkono wake umefunika mdomo wa glasi. Ni hilo tu. Hakuna anayepigwa, hakuna damu wala bango. Pesa wanayo, wamevaa vizuri, wana adabu zao, ila wamesema wao ni mashoga na kwa sababu hiyo glasi imefunikwa. Mi ile picha naiangalia kila nikienda na kila nikiiangalia koo linakaba.

Ili uielewe inabidi ujue leseni za baa zilivyokuwa. Marufuku ya pombe ilipoondolewa jimbo la New York likaunda mamlaka yake ya pombe mwaka 1934, hiyo ndo inakupa leseni na hiyohiyo ndo inakunyang'anya. Sheria ikasema mwenye baa akiruhusu fujo kwenye baa yake leseni inakwenda. Sawa, fujo tunaijua, chupa zinarushwa watu wanatwangana. Lakini kwa maofisa wa enzi zile wanaume wawili kuongea kwa ukaribu, mmoja kumshika mwenzake goti, au mtu kumtongoza askari aliyevaa kiraia akijifanya na yeye yumo, hiyo tayari ni fujo na baa inafungwa. Na hao askari wa kiraia walikuwa kazi yao hiyohiyo. Kijana mtanashati anakuja anakaa pembeni yako, anakuchekea, mnaongea wee mpaka roho imetulia, ukimwambia twende kwangu anatoa pingu. Tangu miaka ya 1920 mpaka katikati ya 1960 walikamatwa wanaume makumi ya maelfu kwenye huu mji kwa makosa ya namna hii, na kukamatwa kwenyewe hakuishii kituoni, kazi imekwenda, chumba cha kupanga kimekwenda, na jina linaweza kutoka gazetini mama yako akalisoma.

Kwahiyo mtu wa namna hiyo mwaka 1960 akitaka tu kutoka jioni akanywe kitu na wenzake alikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kwenda baa za kawaida kama Julius' akae kwa kujificha. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mashoga walikuwa wameshaanza kwenda pale kwa wingi, ila uongozi wa wakati ule haukutaka ijulikane kuwa hapo ni kwao, walikuwa wanaambiwa wageukie kaunta wakiwa wanakunywa, usigeuke kuangalia watu chumbani. Hebu fikiria unalipa pesa yako halafu unapangiwa pa kutazama. Njia ya pili ni baa za mafia, maana mafia ndo walikuwa na ubavu wa kuwahonga polisi. Stonewall Inn ambayo wote mnaisikia ilikuwa hivyo, wameifungua kama baa ya mashoga mwaka 1967, nyuma ya kaunta hakuna maji ya bomba, glasi zinachovywa kwenye beseni zinarudi kwa mteja mwingine, vinywaji vimezimuliwa na bei juu. Watu walikubali kwa sababu kulikuwa na sehemu ya kucheza muziki. Taa nyeupe zikiwaka ghafla ujue polisi wako mlangoni, kila mtu anamuachia aliyekuwa anacheza naye.

Mzee mmoja niliyekaa naye pale kaunta, yeye alianza kuja mjini akiwa kijana miaka hiyo, aliniambia kilichokuwa kinamchosha ni kuhesabu. Unahesabu mara ngapi umemuangalia fulani, unahesabu sekunde za mkono wako kwenye bega la rafiki, na macho muda wote yako mlangoni. Alikuwa anaongea taratibu huku anakula chipsi zake. Nilimwelewa haraka kuliko alivyotegemea, sisi tuliokulia Dar tunawajua watu wanaokaa namna hiyo mpaka leo, na wenzetu wengine wanaosoma hapa ndo wao wenyewe.

Sasa hiyo tarehe 21 Aprili. Kuna chama cha kutetea mashoga kilikuwa kinaitwa Mattachine Society, tawi la New York, rais wake Dick Leitsch. Yeye na Craig Rodwell na John Timmons wakaamua watembee na waandishi wa habari waingie baa, waseme wazi sisi ni mashoga, ni watu watulivu, tunaomba kuhudumiwa, wakinyimwa wapeleke malalamiko rasmi. Njia hii hawakuitunga wenyewe, waliiga vijana weusi wa Greensboro, North Carolina, ambao Februari 1960 walikaa kwenye kaunta ya chakula ya wazungu na kukataa kuondoka. Sehemu ya kwanza waliyoilenga ilikuwa mgahawa mmoja wa St. Mark's Place ambao ulikuwa umebandika kabisa tangazo la kuwafukuza mashoga, wakakuta umefungwa, wenyewe walishanusa waandishi wanakuja. Wakaenda mgahawa wa Howard Johnson's, barua yao ya kusema hayo ikasomwa, meneja akacheka akawahudumia. Wakaenda baa ya Waikiki, wakahudumiwa tena. Kwahiyo wako pale wanakunywa tu na kesi hawana! Ndipo wakakumbuka Julius', kwa sababu siku chache nyuma polisi walikuwa wamekamata mtu pale na baa ilikuwa inaangaliwa, wakasema hawa hawathubutu kutuhudumia. Randy Wicker akajiunga nao wakawa wanne. Mhudumu alishaanza kuwaandalia, wakasema lile neno, mkono ukaenda juu ya glasi. Akasema anadhani ni kinyume cha sheria. McDarrah akapiga picha.

Kesho yake New York Times waliandika habari na kwenye kichwa wakawaita watu wapotovu, gazeti lile lile ambalo leo linawasifu. Mamlaka ya pombe ilipoulizwa ikasema haina kanuni yoyote inayokataza kuhudumia shoga. Nataka msome hilo tena. Miaka 30 na zaidi watu wanafungiwa baa, wanafukuzwa, wanapangiwa pa kutazama, halafu wakubwa wanasema kanuni haipo, ni uamuzi wa mwenye baa. Tume ya haki za binadamu ya jiji nayo ikaingilia, na kidogokidogo mahakama zikaanza kusema mashoga kukusanyika baa siyo fujo. Huku kwetu New Jersey mahakama kuu ya jimbo ilitamka hivyo mwaka 1967 kwenye kesi ya baa kadhaa, mojawapo Murphy's Tavern ya Newark, na hii hata majirani zangu waliozaliwa hapa hawaijui.

Yote hii ni miaka mitatu kabla ya zile vurugu za Stonewall za tarehe 28 Juni 1969, polisi walipoivamia ile baa na wateja wakapambana nao. Na hapa ndo penye uchungu wangu na ndo sababu naandika hivi kirefu. Watalii wanajazana Stonewall, wanapiga picha na bendera, wanaondoka wakiamini kabla ya 1969 watu walikuwa kwenye giza wanalia tu mpaka siku moja wakaamka. Hapana. Walikuwa na maisha. Walikuwa na mitaa yao, lugha yao, kahawa zao, wapenzi, ugomvi wa wapenzi, birthday, misiba. Miaka ya 1920 na 1930 kule Harlem kulikuwa na sherehe za Hamilton Lodge, ukumbi wa Rockland Palace, mtaa wa 155, wanaume wamevaa magauni yametapakaa shanga wanashindania zawadi na maelfu wamekuja kuwaona, weusi kwa weupe. Na mtaa wa 133 kwenye Clam House alikuwa anaimba Gladys Bentley, dada mweusi mwenye mwili, suti nyeupe ya kiume na kofia ndefu, anapiga piano na anawatania wanawake waliokaa mbele wazi kabisa bila kuficha. Hiyo ni zaidi ya miaka 30 kabla ya Stonewall jamani.

Na wanawake ndo wamesahaulika zaidi, kwahiyo naomba msiende Julius' mkala mkaondoka. Zungukeni kidogo. Ukifuata West 10th kuelekea Sixth Avenue utaliona jengo la matofali mekundu lenye mnara wa saa, Jefferson Market, sasa ni maktaba, zamani mahakama. Pembeni yake kuna bustani nzuri ya maua. Pale palisimama gereza la wanawake, Women's House of Detention, kuanzia 1932 hadi lilipofungwa 1971 na kubomolewa baadae. Gereza la ghorofa nyingi katikati ya mtaa! Wengi waliofungwa humo walikuwa wanawake maskini, weusi na wa Puerto Rico, na wengi sana walikuwa wanapenda wanawake, mtu anaweza kuingia humo kwa sababu ya nguo za kiume tu na kauli ya askari. Jioni wapenzi wao walikuwa wanakuja kusimama chini barabarani wanapiga kelele kwenda juu madirishani, nakupenda, mtoto hajambo, wakili kasema Jumatatu, na juu wanajibu kwa sauti hivyohivyo mtaa mzima unasikia. Watu wa Village wenye hela walikuwa wanalalamika hizo kelele. Mi nikikaa kwenye ile bustani nawaza hizo sauti tu, maana kwa baadhi yao yale ndo yalikuwa mazungumzo pekee ya wiki nzima.

Halafu kuna MacDougal Street namba 129. Mwaka 1925 mwanamke mmoja Myahudi mhamiaji kutoka Poland anayejiita Eve Adams alifungua hapo sehemu ya chai kwa ajili ya wanawake, akaandika na kitabu kidogo kuhusu mapenzi ya wanawake. Mwaka uliofuata polisi wakamtumia askari wa kike wa kiraia, wakamkamata, akafungwa, na Desemba 1927 akafukuzwa nchini. Baadae akahamia Ufaransa. Mwaka 1943 Wanazi wakamkamata wakampeleka Auschwitz na hakurudi. Mhamiaji mwenzangu huyu, alifungua sehemu ya chai.

Baa ya wanawake iliyodumu ni Sea Colony, Eighth Avenue namba 48 hadi 52, hii ilikuwa ya miaka ya 1950 na 1960 na yenyewe ya mafia. Waliokuwa wanaenda wamesimulia kuhusu choo. Wanawake walikuwa hawaruhusiwi kuingia zaidi ya mmoja kwa wakati, eti wakiingia wawili watafanya mambo, kwahiyo ni foleni ndefu imepita katikati ya baa na mbele kasimama mwenzao amepewa kazi ya kugawa karatasi ya chooni, anaizungusha mkononi kidogo anakupimia, kila mtu kipimo chake. Mwanamke mzima ana kazi, anajitegemea, anapimiwa karatasi. Na bado Ijumaa ikifika anarudi, kwa sababu humo ndo alipo mtu anayempenda. Mweusi ndo kabisa, Audre Lorde yule mshairi ambaye wazazi wake walitoka visiwa vya Karibiani amesimulia mlangoni kwenye baa ya Bagatelle alivyokuwa anadaiwa kitambulisho yeye wakati wenzake weupe, tena wadogo kwake, wanapita tu. Kwahiyo hata ndani ya hao waliofukuzwa na mji kulikuwa na wengine wanaofukuzwa na hao.

Nikiwa kwenye hilo la weusi siwezi kuacha kumtaja Bayard Rustin. Huyu ndo aliyepanga yale maandamano ya Washington ya Agosti 1963, zaidi ya watu laki mbili, Martin Luther King alipotoa ile hotuba. Alikuwa shoga na hakujificha sana, alishakamatwa Pasadena California mwaka 1953, na wiki chache kabla ya maandamano seneta mmoja, Strom Thurmond, akasimama bungeni kuisoma hiyo kesi yake ili amvunje. Hakuvunjika. Wabongo wenzangu, huyu Rustin mwaka 1962 alikuwa Dar es Salaam, yeye na Bill Sutherland na wenzao wa shirika la amani la World Peace Brigade, wanafanya kazi na watu wa Kaunda ya kudai uhuru wa Zambia ambayo bado ilikuwa Northern Rhodesia. Miezi michache tu baada ya uhuru wetu. Mtu ametembea mitaa yetu ya Dar na hatukufundishwa jina lake hata siku moja.

Turudi kwenye baa. Kitu ninachokipenda kuliko vyote Julius' ni kwamba haijawa makumbusho. Wameiingiza kwenye orodha ya kitaifa ya maeneo ya kihistoria mwaka 2016, jiji nalo likailinda rasmi Desemba 2022, ukutani nje kuna kibao, lakini ndani mtu anakunywa, anakula, anasema ameachwa na mpenzi, televisheni inaendelea. Kile walichoombwa mwaka 1966 wakakataa, leo kinatolewa kila siku kwa yeyote aliyefika kwenye kaunta, na picha ya aibu yao wenyewe wameitundika waziwazi badala ya kuificha. Hilo nawapa heshima kubwa. Wanaume wenye mvi wapo, vijana wapo, wanawake wapo japo wachache kuliko ningependa, na siku niliyokwenda na dada yangu aliyekuja kutoka Arusha walimkalisha vizuri, akanywa soda yake na baga, akaniuliza maswali kuhusu ile picha mpaka tukachelewa treni. Dada ni mtu wa kanisa sana. Aliuliza mwisho wao walihudumiwa lini, nikamweleza yote haya ninayowaandikia.

Kwa wanaotaka kwenda. Umri wa kunywa Marekani ni miaka 21 kwahiyo bebeni kitambulisho. Nafasi siyo kubwa, wikendi usiku mtasimama, mimi naona mchana wa siku za kazi ndo wakati mzuri, mnapata kiti na mhudumu ana muda wa kuongea. Acheni tipu nzuri, huku wahudumu wanaishi kwa hiyo. Anzeni na bustani ya Jefferson Market, mrudi Julius' mle, halafu Christopher Street namba 51 kile kituo cha wageni cha Stonewall kilichofunguliwa Juni 2024, ni karibu kabisa. Na kama uko Dodoma au Mombasa au Kisangani huwezi kufika leo wala kesho, kuna ramani ya bure mtandaoni ya NYC LGBT Historic Sites Project, anwani kwa anwani, picha za zamani na maelezo, ipo kwa Kiingereza lakini inasomeka vizuri hata kwenye simu, mimi ndo naitumia kutembelea hizi sehemu na Sea Colony niliipata humo.

Chakula nyota nne, huduma nyota tano, sehemu yenyewe nyota tano. Agizeni baga yenye jibini.